Kipimo cha Shujaa: Masala Kulangwa na Mashujaa wa Riwaya za Njozi

Kila watu wana mashujaa wao, na aghalabu huwajua kabla hawajajua kusoma. Mtoto wa pwani husikia habari za Fumo Liyongo. Mtoto wa Buhaya husikia mashujaa wanaoimbwa kwa enanga. Mtoto wa Usukuma husimuliwa habari za Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we. Baadaye mtoto huyo huenda shuleni, akafungua kitabu, akakutana na mashujaa wa namna nyingine: watu ambao hakuna aliyepata kuamini kuwa waliishi, wakaao katika nchi zisizo na ramani, waliobuniwa na mwandishi mmoja mezani pake. Siku hizi huwaona katika filamu pia. Hivyo katika fikra za kijana mmoja huishi mashujaa wa aina mbili, nao hupewa jina lile lile moja.

Katika insha hii tunakusudia kuwalinganisha mashujaa hao. Hatutauliza ni nani kati yao mwenye nguvu zaidi, maana hilo ni swali la watoto wakati wa mapumziko. Tunauliza swali la maadili: ni kitu gani kinachomfanya mtu aliyeinua silaha aitwe shujaa, wala asiitwe muuaji tu? Swali hili limekwisha kuulizwa na wanafalsafa wa nchi nyingi. Sisi tunaliuliza tukiwa katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, na hasa Bulyanhulu, kwa sababu huko jibu lake limegusa uhai wa watu.

Bulyanhulu imo katika Halmashauri ya Msalala, Mkoa wa Shinyanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wachimbaji wadogo walifurika hapo kwa maelfu, wakachimba maduara kwa sururu na nyundo, wakayategemeza kwa matimba ili yasiwaangukie. Mwezi Agosti 1996 wakaondolewa, na mwaka 2001 mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukafunguliwa rasmi. Mwaka 2017, serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje, jina la Bulyanhulu likatajwa nchi nzima. Lakini katika ukanda huo wote wachimbaji wadogo wangalipo. Wanashuka kwa kamba, wanasaga mawe kwa karasha, wanachenjua kwa zebaki. Kwa watu hao ushujaa si neno la vitabuni. Mtu ashukaye duarani huingia katika tumbo la ardhi, na wenzake waliobaki juu hungoja kuona kama atatoka. Ndiyo maana hadithi ya watu waliomezwa tumboni, wakatolewa humo na kijana mmoja, ina uzito wa pekee katika nchi hii.

Na tuikumbuke hadithi yenyewe. Zamani za kale zimwi Shing'weng'we liliwameza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao. Akasalia mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha. Mwanamke huyo akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Masala Kulangwa, jina linaloelezwa kwa maana ya mtu mwenye akili, aelewaye mambo upesi. Mtoto alipokua akamwuliza mama yake, watu wengine wako wapi? Mama akamweleza. Ndipo mtoto akatoka kwenda kulitafuta zimwi. Siku ya kwanza akarudi na panzi, akauliza kama huyo ndiye Shing'weng'we. Mama akamwambia siye. Akarudi tena na ndege. Mama akamwambia siye. Akarudi na mnyama wa porini. Jibu likawa lile lile. Mwisho akakutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wakiwa hai.

Msimulizi mwenye haraka hukomea hapo, na wasikilizaji hupiga makofi. Lakini hadithi haijakwisha. Masala Kulangwa alipokuwa akilipasua tumbo, kisu chake kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwamo ndani. Bibi huyo akakasirika sana, akataka kumdhuru kijana kwa uchawi. Masala Kulangwa akatafuta dawa, akamponya sikio lake. Baada ya hayo ndipo watu wote walipomfanya mtemi, na mama yake akapewa heshima ya mama wa mtemi.

Tunamwomba msomaji autazame vema mpangilio wa mambo hayo. Kijana hakupewa utemi pale zimwi lilipoanguka. Alipewa baada ya sikio kupona.

Wataalamu wa fasihi watatukumbusha kwamba masimulizi haya ni ngano, wala si utendi uliotungwa kwa beti. Ni kweli. Lakini shujaa wake ni wa ukoo mmoja na mashujaa wa tendi za kale: kuzaliwa kwake si kwa kawaida, utoto wake ni mfupi, adui wake ni adui wa watu wote, na mwisho wake ni utawala. Ndugu zake wametapakaa Afrika nzima. Katika hadithi za Kiswahili alizozikusanya Edward Steere huko Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, imo habari ya Nunda mla watu. Humo pia mwana wa sultani huleta mnyama baada ya mnyama mbele ya mama yake, na kila mara huambiwa kuwa siye Nunda. Huko Lesotho husimuliwa habari za Senkatana, kijana aliyelipasua zimwi na kuwatoa watu. Mwisho wa hadithi hiyo ni mchungu: wale wale aliowaokoa walimwonea kijicho, wakamfanyia hila mpaka akafa. Hadithi ya Kisukuma na ya Kisotho zina mwanzo mmoja. Zinatengana pale zinapofika kwenye swali la jinsi aliyeokoa na waliookolewa watakavyoishi pamoja.

Tukivuka ziwa Tanganyika na kwenda kaskazini hadi misitu ya mashariki ya Kongo, tunawakuta Wanyanga na utendi wao wa Mwindo. Mtambaji Candi Rureke aliutamba mbele ya Daniel Biebuyck mwaka 1956, nao ukachapishwa mwaka 1969. Mwindo alizaliwa akitembea na kusema. Baba yake, Shemwindo, alikuwa amekataza wake zake wasizae watoto wa kiume, hivyo akataka kumwua. Akamtia katika ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo akaokoka, akamfuata baba yake hata kuzimu, akamshinda, kisha akamsamehe na kugawana naye utawala. Baada ya hayo yote Mwindo aliliua joka ambalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Kwa kosa hilo alichukuliwa juu mbinguni, akateswa na baridi, mvua na jua kwa muda wa mwaka mmoja. Aliporudi alikuja na sheria kwa watu wake, na yeye mwenyewe akiwa amekatazwa kuua wanyama. Utendi huo mkubwa haukuona haya kumwadhibu shujaa wake kwa ushindi wake mwenyewe.

Kuna watu wasemao kwamba mashujaa wa kale walikuwa watu wa nguvu tupu, na kwamba huruma ni jambo lililoletwa na vitabu vya siku hizi. Hao hawajasikiliza hadithi mpaka mwisho. Tendi za kale zilijua kwamba kisu kinachookoa hukata pia, na kwamba mwenye kisu anawiwa na aliyekatwa.

Sasa na tuwatazame mashujaa wa njozi waliobuniwa na waandishi. Kwa upande wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani. Shujaa wake, Karama, hana mkuki wala hirizi. Anashitakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria, naye anajitetea kwa maneno, akisimulia habari za wajumbe sita waliosafiri pande zote na kurudi na maarifa ya kuifaa nchi yao, wakalipwa kifungo. Karama anaposhinda, ushindi wake hauishii katika shingo yake mwenyewe: wajumbe waliofungwa wanafunguliwa pia. Huyu naye amewatoa watu katika tumbo, ingawa tumbo lenyewe ni gereza na zimwi lenyewe ni dhuluma.

Mwaka uliofuata, 1952, kikatoka kitabu cha Adili na Nduguze. Adili alitendewa uovu mkubwa na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa wivu. Huria, binti wa mfalme wa majini, akawageuza ndugu hao kuwa manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku. Adili aliwapiga, lakini alilia akiwapiga, akawalisha kwa mikono yake. Mwishowe mfalme Rai akawaombea, wakarudi kuwa watu. Hebu tufikiri juu ya hali ya Adili. Haki iko upande wake, na nguvu isiyo ya kibinadamu inamwunga mkono, anaamriwa kulipiza. Mwandishi angeweza kutufurahisha kwa kisasi. Badala yake ametuonyesha kisasi kikimchosha mwenye haki kuliko kinavyomchosha mwenye kosa.

Huko Ulaya, mtu aliyevuma kuliko wengi katika riwaya za namna hii ni J. R. R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Tunamtaja kwa sababu mbili. Kwanza, yeye mwenyewe alikuwa daraja kati ya utendi na njozi. Alifundisha Oxford, na mwaka 1936 alitoa mhadhara mashuhuri juu ya Beowulf, utendi wa Kiingereza cha kale uliohifadhiwa katika mswada wa miaka kama elfu moja iliyopita. Pili, habari zake ni za dhahabu.

Katika Beowulf, joka limelalia hazina ya dhahabu ardhini kwa miaka mingi. Mtu mmoja anaiba kikombe kimoja, joka linaamka na kuchoma nchi. Beowulf, ambaye sasa ni mfalme mzee, analiua joka, lakini naye anakufa kwa jeraha lake. Watu wake wanaizika dhahabu ile pamoja na majivu yake, ikarudi ardhini bila kumfaa mtu yeyote kama ilivyokuwa kabla. Mchimbaji wa Kakola au Nyarugusu angeuelewa utendi huo bila kufafanuliwa.

Tolkien aliichukua dhahabu hiyo na kuifanya ndogo kama pete. Katika riwaya yake ya The Lord of the Rings, iliyochapishwa kwa sehemu tatu mwaka 1954 na 1955, shujaa ni Frodo, mtu mfupi wa kimo, asiyejua vita. Hakutumwa kutafuta hazina; alitumwa kwenda kuiharibu pete ya dhahabu katika moto ilimotengenezwa, kwa sababu kila aivaaye huwa mtumwa wake. Njiani anafuatwa na Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na pete hiyo hiyo. Mara kadhaa ingekuwa rahisi kumwua, na wengi wangesema ni haki. Frodo anamhurumia, anamwacha hai. Na wanapofika mwisho, Frodo anashindwa kuitupa pete, tamaa imemshinda. Gollum ndiye anayemrukia, anamng'ata kidole chenye pete, anatumbukia motoni pamoja nayo. Dunia inaokoka kwa sababu ya huruma iliyotangulia, kuliko kwa nguvu za shujaa saa ile ya mwisho.

Basi tofauti ziko wapi? Shujaa wa kale huzaliwa shujaa. Shujaa wa njozi za sasa hufanywa shujaa kwa kuchagua. Masala Kulangwa na Mwindo wana ishara tangu tumboni mwa mama. Karama, Adili na Frodo wangeweza kukaa kimya nyumbani. Shujaa wa kale ni wa watu wote, na mtambaji wake hudai kupokea tu yaliyosemwa na wazee. Shujaa wa riwaya ana mtungaji mmoja, mwenye jina na mwaka. Kisha iko tofauti ya tatu, ambayo ndiyo kubwa kwa shabaha yetu. Msomaji wa Kusadikika anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba hakuna nchi inayoelea angani. Anaipokea ajabu kama mfano wa jambo. Msikilizaji wa hadithi za kale huipokea ajabu akiwa nusu anaamini.

Katika Usukuma nusu hiyo si ndogo. Tumkumbuke Ng'wanamalundi, ambaye jina lake lilikuwa Igulu Bugomola, mcheza ngoma aliyefariki mwaka 1936. Mtu huyu aliishi kweli, lakini watu husimulia kwamba akinyoosha kidole miti hukauka. Mwaka 1988 Emmanuel Mbogo alimchukua akamtia katika tamthilia yake, Ngoma ya Ng'wanamalundi. Hivyo jina moja limepita katika hatua zote tatu: mtu, masimulizi, na sanaa ya mwandishi. Katika tamthilia, kidole cha Ng'wanamalundi ni mfano. Katika kambi ya wachimbaji, wako wanaotaka kidole chenyewe. Hutaka dawa itakayomfungulia mtu mwamba, hirizi itakayoleta dhahabu, nguvu itakayomfanya yeye peke yake awe shujaa wa rashi hiyo.

Hapo ndipo damu ilipomwagika. Tangu mwaka 2006 na 2007, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri wa migodini na ziwani. Watoto wenye ualbino walilazimika kuondolewa majumbani na kuhifadhiwa katika shule, mojawapo ikiwa ile ya Buhangija mjini Shinyanga. Na kabla ya hapo, kwa miaka mingi, vikongwe wa Shinyanga na Mwanza waliuawa kwa mapanga wakidhaniwa kuwa wachawi. Dalili waliyohesabiwa ni macho mekundu. Sababu ya macho hayo ilijulikana. Miti ya Shinyanga ilikuwa imekatwa kwa ajili ya kufukuza mbung'o na kulima pamba, kuni zikaadimika, na akina mama wakapikia kinyesi cha ng'ombe na vijiti vyenye moshi mkali maisha yao yote. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 na kufufua ngitili, ulirudisha miti. Haukuweza kuwarudisha waliouawa.

Aliyemwua bibi kizee hakujiona mwovu. Alijiona Masala Kulangwa. Aliamini kwamba yuko adui amezaye watoto, mifugo na bahati ya kijiji, na kwamba yeye amepewa kisu. Hili ndilo jambo zito tunalopenda lizingatiwe. Hadithi ya shujaa inaweza kumkomboa mtu na inaweza kumwua mtu, na linalotenganisha mambo hayo mawili ni namna ilivyosikilizwa.

Na tuirudie basi, tuisikilize vizuri. Kijana alipoleta panzi aliuliza. Mama akasema siye. Kijana hakubisha, hakusema kwamba panzi huyu ana macho ya kutiliwa shaka. Alirudi porini. Alipoleta ndege, mama akasema siye, akakubali tena. Hadithi ya Nunda nayo ina mpangilio huo huo, na hatudhani kwamba wazee waliurudiarudia kwa kujaza usiku tu. Waliona kwamba kazi ngumu ya shujaa ni kumtambua adui, na kwamba aliye na hamu ya kuua humwona adui katika kila kitu kinachotembea. Kwa hiyo wakamwekea shujaa mtu wa kumwambia hapana. Mpiga ramli katika mauaji ya vikongwe alifanya kinyume cha mama huyo. Kazi yake ilikuwa kusema, ndiye huyu.

Msomaji makini atatupinga hapa kwamba panzi, ndege na mnyama wale walikuwa wamekwisha kufa walipoletwa mbele ya mama. Kijana alipiga kwanza, akauliza baadaye. Pingamizi hilo lina nguvu, nasi hatutaki kulikwepa. Lakini hadithi yenyewe inaonekana kulijua. Mkono uliozoea kupiga kabla ya kuuliza ndio uliolipasua tumbo, na haukuuliza ni nani aliye upande wa pili wa ngozi. Sikio la bibi kizee ni deni la mkono huo. Wazee hawakumtaka shujaa asiyekosea kamwe; walimtaka shujaa anayelipa.

Pingamizi la pili ni kubwa zaidi. Watasema: kama Masala Kulangwa angesitasita, watu wangebaki tumboni. Nchi haiokolewi na wenye kuchelea sikio moja. Kuna nyakati kijiji kinavamiwa na hakuna nafasi ya kufikiri. Sisi tunakubali kwamba kisu kilipaswa kushuka. Utambuzi wa zimwi ulikuwa umekamilika, na watu walikuwa ndani. Hatumlaumu kijana kwa kupasua. Tunalouliza ni hili: baada ya watu kutoka na vigelegele kupigwa, angeweza kusema kwamba sikio moja si kitu mbele ya dunia nzima, na hesabu ingekuwa upande wake. Angeweza pia kusema kwamba bibi huyu anataka kumroga, hivyo ni mchawi, na auawe. Sababu alikuwa nayo, na umati wote ulikuwa wake. Hakufanya hivyo. Alimtafutia dawa. Mganga wa kweli katika hadithi hii ni shujaa mwenyewe, na mtu anayetibiwa ni kikongwe mwenye hasira anayedhaniwa uchawi.

Nasi tunashangaa kwamba hadithi hiyo imesimuliwa katika nchi ile ile ambamo vikongwe waliuawa. Dawa ilikuwa nyumbani, nayo haikunywewa.

Usukuma umewahi kujaribu ushujaa wa namna nyingine, ambao haupatikani sana katika tendi wala katika riwaya: ushujaa wa wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na unyang'anyi ulipozidi huko Kahama na wilaya jirani, wanavijiji waliunda sungusungu. Walichukua jina la wadudu weusi wadogo wafanyao kazi kwa umoja, wakawa na pinde, mishale na filimbi, na yowe likipigwa wote hutoka. Mwaka 1989 sheria ikawapa nafasi ndani ya utaratibu wa nchi. Walirudisha usalama mahali pengi. Lakini wao pia walikata masikio: wako walioadhibiwa bila kusikilizwa, na wako waliotajwa kuwa wachawi. Hili linatufundisha kwamba wingi wa mashujaa hauondoi haja ya mtu wa kusema siye. Huenda haja hiyo ikazidi, maana mmoja akikosea ana aibu, lakini wengi wakikosea hugawana aibu hiyo mpaka haionekani.

Katika ukanda wa dhahabu, jina la Shing'weng'we hutafutiwa mwenyewe kila siku. Wengine watasema zimwi ni umaskini, wengine mgodi mkubwa, wengine zebaki inayoingia mtoni, wengine tamaa ya mtu mwenyewe. Kila mmoja wa hao amemwona panzi, au ndege, au pengine zimwi lenyewe. Hatukukusudia kuamua hapa. Tunachosema ni kwamba kutaja zimwi ni tendo la maadili, lenye wajibu wake, na atajaye awe tayari kuambiwa siye, akarudi tena kutafuta.

Hivyo tunaweza kujibu swali letu la mwanzo. Kinachomtenga shujaa na muuaji si nguvu, wala si kuzaliwa kwa ajabu, wala si ukubwa wa zimwi. Ni mambo mawili, moja kabla ya pigo na moja baada yake: kwamba alikubali kusahihishwa alipokuwa akimtafuta adui, na kwamba alirudi kumtibu aliyeumizwa na ushindi wake. Masala Kulangwa hupita katika mizani hiyo. Mwindo hupita, baada ya mwaka mmoja wa mateso. Adili hupita akilia. Frodo hupita akiwa amepungukiwa kidole. Katika jambo hili utendi wa kale na riwaya ya njozi havigombani. Riwaya imeongeza jambo moja lenye manufaa makubwa kwetu, nalo ni kutuzoeza kuipokea ajabu kama mfano, bila kwenda kuitafuta kwa mpiga ramli. Msomaji wa Adili na Nduguze hatoki kitabuni akatafuta jini wa kumgeuza ndugu yake nyani. Tukizisikiliza ngano zetu kwa masikio hayo hayo, hazitapungua utamu, na hatari yake itapungua.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, taifa lilikubali kwamba mila na sanaa za makabila yake ni mali ya wote. Mali hurithiwa nzima. Masala Kulangwa ni mali ya Mmakonde na Mzaramo kama alivyo wa Msukuma, mradi arithiwe pamoja na mama yake na bibi kizee wake. Walimu wa Kahama, Msalala na Geita wamsimulie darasani bega kwa bega na Karama na Adili, na wanafunzi waulizwe nani kati yao aliwiwa nini, na alimlipa nani. Kwa kuwa wengi wa watoto hao watashuka maduarani, au wataoa na kuolewa na wanaoshuka, ni vema wajue mapema kwamba katika hadithi ya mababu zao utemi ulitolewa baada ya dawa kupakwa. Zimwi lilikuwa limekwisha kufa kitambo.